Mtoto Aliyekaa Mahali pa Malagarazi

Juzi nilikuwa napita Asiatique, mtaa wa maduka hapa Bujumbura, na mwenye duka moja la manukato alikuwa amefungua kikopo cha zafarani kumwonyesha mteja. Nilisimama palepale na mfuko wangu wa ndizi, watu wakinipita kwa kunisukuma. Harufu ile kwangu haiishii puani. Inashuka mpaka kooni pamoja na maji ya waridi na ubaridi wa sahani ya kauri, na mara najiona nina miaka kumi na moja, nimekaa mkekani nyumbani kwetu Jabe, mama amenishika kidevu ili nisiteme.

Nilikuwa nakunywa kombe. Kwa wasiolijua: mwalimu wetu wa madrasa aliandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, akaziosha kwa maji, na maji yale mtoto akayanywa ili elimu imkae kifuani. Watoto wengine liliwafaa sana. Mimi nililinywa mara saba mwaka ule, na faida pekee niliyoiona ni ulimi wa manjano niliowatolea wadogo zangu kuwatisha. Mama alisema kosa si la kombe, kosa ni la kifua changu, kinavuja.

Na kweli kilivuja. Nilikuwa darasa la sita, mwaka wa konkur, ule mtihani unaoamua nani ataendelea na masomo na nani atabaki nyumbani. Nilisoma kwa kuimba kama wenzangu wote: narudia jambo moja mara hamsini huku nikiyumba, na kesho yake asubuhi halipo. Kilichonitoa machozi hasa ni majina ya mito ya nchi. Mwalimu alitaka kumi na miwili. Nikiushika Rusizi na Ruvubu, Kanyaru unatoroka. Nikiukamata Kanyaru, unapotea Ntahangwa, mto niliokuwa nauvuka kwa miguu yangu kila nikitumwa kwa shangazi. Msinicheke, nililia kweli.

Ndipo mama aliponipeleka kwa bibi. Bibi Mwamini, mama yake mzazi, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na alikuwa haoni. Macho yalimzimika polepole, miaka sita hivi kabla ya hapo. Zamani aliuza vitenge soko la Jabe, na ulimi wake wa sokoni haukuzimika pamoja na macho. Aliweza kukutukana na kukuombea dua bila kuvuta pumzi katikati. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, madirisha yamefungwa mchana kutwa kwa sababu ya joto, na taa kwake ya nini. Ukiingia saa nane mchana ukitoka kwenye jua la barabarani, kipofu unakuwa wewe. Unasimama mlangoni unapapasa hewa, na yeye unamsikia anapita mbele yako, anachota maji, anarudi, hajagusa hata ukuta. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kukisogeza kwa upana wa kiganja lilikuwa kosa kubwa kuliko kukivunja.

"We unasoma na mudomo," aliniambia siku ya kwanza. "Mudomo haina kabati. Mi sioni, lakini kisu yangu najua iko wapi. Juu ya nini? Juu niliiweka mi mwenyewe."

Akanifumbisha macho, akaniamuru niingie nyumbani kwake kwa mawazo tu, kuanzia mlangoni, nikizunguka kwa mkono wa kulia, na kila mahali niache mto mmoja. Nilipofikiri nimemaliza, akanirudisha mwanzo. Kuacha jina peke yake hakukutosha.

"Neno kavu inakimbia," alisema. "Weka kitu ya kuchekesha, ao ya kuogopesha. Ile haikimbie."

Basi Rusizi nikauweka mlangoni, pamoja na kiboko wake aliyekwama kwenye fremu, makalio yamebaki nje. Ruvubu ukaingia kwenye pipa la maji na kulifurisha. Kanyaru ulipita chini ya kitanda ukilowesha viatu vya bibi vya Idd. Ntahangwa niliumwaga juu ya mbabula, jiko lake la makaa, ukalia shaa na kujaza chumba moshi. Jioni ile, nikiwa nyumbani, nilifumba macho nikaenda kwa kiboko, nikaenda kwa pipa, na mito ilikuwa imekaa inaningoja. Sijawahi kuonja furaha ya namna ile. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba kichwa changu kilikuwa kama cha watu wengine, ila sikuwa nimeonyeshwa mlango wake.

Mwisho wa wiki nilikuwa na mito kumi na mmoja, na nyumba ya bibi ilikuwa imeniishia. Ni nyumba ndogo, na vyombo vyake vilikuwa vya kuhesabika. Ulibaki Malagarazi. Na palibaki mahali pamoja tu: kigoda.

Kigoda hicho kilikaa kando ya mlango wa chumba cha ndani, kimeegemea ukuta. Kilikuwa kifupi, cha kutosha mtoto. Hakuna aliyekikalia. Kila Ijumaa bibi alikipangusa kwa kitambaa chenye maji, mguu mmoja mmoja, na mgeni akikikaribia alisikia kutoka gizani, "Apana pale." Hakueleza, na sisi watoto tulishazoea, kama watoto wanavyozoea mambo ya wakubwa. Nilijiambia kwamba sikigusi. Naweka tu mto juu yake, kichwani mwangu, bibi atajuaje? Nikauweka Malagarazi pale, na ndege mmoja mrefu mweupe amesimama majini kwa mguu mmoja.

Kesho yake mchana nilikuwa mkekani kwetu, mama anachambua mchele pembeni, mashine ya kusaga unga inanguruma ng'ambo ya barabara. Nilifumba macho, nikampita kiboko, nikapita pipa, nikapita kitanda na jiko, nikafika kwenye kigoda. Ndege hakuwepo. Mto haukuwepo. Alikuwepo mtoto wa kike amekaa, amenipa mgongo, uso wake ameuelekeza ukutani. Amevaa gauni la manjano lenye utepe uliofungwa kiunoni kwa nyuma, na ncha moja ya utepe ilikuwa ndefu kuliko nyingine.

Nilifumbua macho. Mama bado anachambua mchele.

Nilijaribu kuuhamisha Malagarazi niuweke dirishani. Ulikwenda, lakini yule mtoto alibaki. Nilijaribu kutoiwaza nyumba kabisa, na ninyi mnajua matokeo ya kujikataza kuwaza jambo. Nikitumwa chumvi namwona. Nikishika udhu namwona. Siku ya tatu alikuwa amegeuka kidogo sana, nikaona sikio lake na shavu kidogo, na hapo nikaacha kulala mchana kwa hofu ya kufumba macho. Nikaamua kwenda kukiri kosa langu, nipigwe, yaishe.

Bibi alikuwa anamenya maharage mabichi, bakuli mapajani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mbali na mkono wake. Vidole vyake vilisimama.

"Amevaa nini?" aliuliza.

"Gauni ya manjano."

"Na nyuma?"

"Iko na utepe. Upande moja murefu."

Maharage yalianza kuanguka sakafuni moja moja, na yeye hakuyaokota. Aliinuka akaenda kufunga mlango kwa komeo, mchana kweupe, kisha akarudi kukaa karibu yangu kuliko alivyowahi kukaa. Ndipo nilipoambiwa habari za Zaina. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, dada yake mama. Walikuwa wanakaa Ruziba wakati huo, wanalima karibu na ziwa. Homa ilimchukua kwa siku mbili, ana miaka tisa, na mama yangu bado anatambaa. Gauni la manjano lilishonwa kwa ajili ya Idd, na Zaina alilivaa Idd moja tu. Kigoda kilikuwa chake. Miaka ya vita walipokimbia kutoka Ruziba, bibi alimbeba mama yangu mgongoni na kigoda kichwani, na vitu vingine vyote, nguo, vyombo, picha, vilibaki na havikuonekana tena.

"Uso yake umeiona?" aliniuliza.

"Bado, bibi. Amenipa mugongo."

Aliposema tena, ile sauti ya sokoni haikuwemo.

"Mi nimesahau sura yake, Hadija. Wakati nilikuwa naona, nilikuwa namuona. Macho imezimika, naye akaanza kuondoka. Kwanza mudomo, kisha macho, kisha yote. Sasa iko sauti tu. Akigeuka, uniambie. Usinifiche, mama."

Kuanzia siku hiyo hakuniuliza tena habari za mito. Nilifika saa nane, mlango ukafungwa, nikafumba macho katika giza lile, na swali lilikuwa moja: amegeuka? Bado, bibi. Naye anaitikia, "Haya," anakaa. Alikuwa anaacha chakula. Mama alinishika pembeni akaniuliza tunafanya nini huko ndani, bibi anakonda; nikasema tunasoma. Nilimpenda bibi yangu, na sikuweza tena kuvumilia ile "haya" yake. Siku ya kumi nikamwambia amegeuka.

Sikuwa nimeona chochote. Nilisema kilichonijia kwanza mdomoni: uso mrefu, pengo kwenye meno ya juu, na alama nyeusi chini ya jicho la kushoto. Pengo lilikuwa la msichana aliyekaa mbele yangu darasani. Alama ilikuwa ya mwanamke wa kalenda iliyotundikwa kwenye duka la vitambaa Asiatique. Siku hiyo nilijua kwamba nasema uongo, nilijua vizuri kabisa.

Bibi alitoa pumzi ndefu. Alipeleka kidole kwenye meno yake mwenyewe.

"Pengo," alisema. "Ego, ndiyo. Pengo. Yoo, mutoto wangu, nilikusahau vipi?"

Akacheka. Jioni ile alikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, sahani mbili, akamtukana jirani kwa furaha. Niambieni ninyi, mtoto wa miaka kumi na moja angefanya nini kesho yake? Nilirudi, nikafumba macho, nikaongeza.

Kilichonitisha si uongo wangu. Kilichonitisha ni jinsi ulivyoanza kuishi bila mimi. Wiki moja haikupita, bibi akanisimulia jinsi Zaina alivyokuwa akipiga mluzi kupitia lile pengo kuita kuku, na kuku wa Ruziba wote wanakuja, hata wa jirani. Sikuwa nimetaja mluzi. Siku nyingine nilijisahau nikasema alama iko kulia, na kutoka gizani nikasikia, kwa ukali, "Apana. Kushoto." Kisha mama naye, siku moja anakata vitunguu, akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo tamu, "Dada alikuwa ananipigia mluzi ninyamaze." Nilimtazama mama yangu. Dada yake alipokufa, yeye alikuwa anatambaa.

Na mwisho ikawa zamu yangu. Alasiri moja, bila kumwita, mtoto wa kwenye kigoda aligeuka kweli. Alikuwa na uso mrefu, na pengo, na alama chini ya jicho la kushoto. Alinitazama kama mtu aliyekuwa ananingoja nimalize shughuli. Baada ya hapo sikuweza tena kusema ni wapi nilipoishia mimi na alipoanzia yeye. Nikaanza kuamini kwamba labda sikudanganya hata siku ile ya kwanza.

Konkur ilifika. Nilifumba macho kwenye dawati, nikampita kiboko, nikaandika mito kumi na mmoja bila kufuta hata herufi. Mstari wa kumi na mbili niliuacha wazi. Nilikuwa nalijua jina la Malagarazi, lakini kila nilipokwenda kulichukua nilimkuta yule mtoto ananitazama, na sikutaka kumkaribia. Nilifaulu hata hivyo. Mama alilishukuru kombe, bibi alimshukuru Zaina.

Mtaniuliza gauni nililijuaje. Na mimi nilijiuliza kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa lile mnalolifikiria. Nilikuwa mwanamke mzima nilipomsikia mama akimwambia shangazi, kama jambo la kawaida, kwamba nilipokuwa na miaka mitatu, minne, bibi alikuwa akinipakata mchana na kunisimulia habari za gauni la manjano na utepe wake mpaka nilale. Kisha macho yakaanza kumzimika, akaacha kabisa kulitaja. Nililihifadhi gauni, nikapoteza habari za aliyenipa. Leo mimi ni mwalimu, nafundisha watoto kutembea ndani ya nyumba zao wakiwa wamefumba macho, na hilo ndilo nisilojua jinsi ya kuwafundisha: kichwa kinatunza vitu bila kuandika vilikotoka.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita, babu Rajabu, mdogo wake bibi aliyekuwa akikaa Uvira, upande wa Kongo, alikuja kusherehekea Idd kwetu. Alikuwa amefiwa na mkewe, na katika kupanga vitu vya marehemu alikuta bahasha chini ya sanduku. Alitaka kumfanyia dada yake jambo kubwa. Tulikaa nyumbani kwa bibi baada ya chakula, mama, mimi na wao wawili, na babu akaomba dirisha lifunguliwe. Sikuwa nimewahi kuiona nyumba ile ikiwa na mwanga. Ilikuwa ndogo zaidi kuliko ile niliyokuwa nayo kichwani.

"Dada," alisema, "nimekuletea Zaina. Foto ya ile Idd. Nilimusimamisha mi mwenyewe karibu na baiskeli yangu."

Bibi alinyoosha mikono yote miwili. Alipitisha vidole juu ya karatasi polepole, kutoka pembe mpaka pembe, kisha akampa mama. Mama aliitazama, na nikaona furaha inamtoka usoni.

"Mujomba," alisema, "huyu si dada. Umebeba foto ya watu."

"Si yeye aje? Mi niliyemubeba mpaka kaburini, we ulikuwa unanyonya!"

Nikaichukua. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, hata unjano haukuwemo. Mtoto mnene mwenye uso wa mviringo, nywele zimenyolewa, ameshika usukani wa baiskeli na anacheka mdomo wazi. Meno yote yalikuwepo, yamebanana. Chini ya macho hapakuwa na alama yoyote. Nyuma yake ncha moja ya utepe ilikuwa inaning'inia chini kuliko nyingine. Alifanana na mama, alifanana na bibi, alifanana na mimi. Sikuwa nimewahi kumwona mtoto yule.

"Hadija," bibi aliniita. "We unamujua. Iko na pengo?"

Wote walinigeukia. Niliweza kusema ndiyo, na Idd ingeendelea. Lakini nilikuwa nimemshika mtoto halisi mikononi, anacheka, na nilihisi kwamba nikimkana mara hii pia hatakuwa na pa kwenda.

"Apana, bibi. Haina pengo. Ndiye Zaina huyu. Ile ingine nilibuni mi mwenyewe, nilikudanganya, unisamehe." Nikaanza kulia, nikamweleza yote, msichana wa darasani, kalenda, siku ya kumi, yote.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, akanitafuta kichwa kwa mkono wake, akanipapasa.

"We ulikuwa na miaka kumi na moja," alisema kwa upole. "Ungemubuni mutoto wangu vipi? Mi ndiye nilimuzaa. Mluzi yake naisikia mpaka leo." Akamgeukia ndugu yake. "Rajabu, hii foto uirudishe kwa wenyewe. Pengine wanamutafuta mutoto wao."

Babu Rajabu alitoka nje, akakaa kibarazani mpaka alasiri, na alipoondoka aliniwekea mkononi bahasha yenye picha.

Bibi alifariki miaka miwili baadaye, kwa amani, akizungumza na mtoto mwenye pengo aliyekuwa amekaa karibu na kitanda chake. Mama mpaka leo huwasimulia wajukuu zake habari za mluzi, na wajukuu wameanza kusimuliana. Kila mwaka tunamsomea Zaina dua, nyumba imejaa watu, na wote wanamwona mtoto ambaye hakuzaliwa. Nilidhani wakati ule kwamba kukumbuka ni kwenda kuchukua kitu mahali ulipokiacha. Sasa najua kwamba kila tunapokwenda tunakishika, na kila tunapokishika tunakibadilisha, na bibi yangu hakuwa na mikono mingine ya kumtafutia ila yangu.

Picha iko kwangu. Najifunza sura ile kama ninavyowafundisha wanafunzi: naitazama, naifunika, naitaja kwa sauti, uso wa mviringo, meno yaliyobanana, kisha naifunua nijisahihishe. Nimefanya hivyo kwa miaka. Na kila nikifumba macho anayekuja ni yule wa uso mrefu, ananitazama, kwa hiyo naifunua tena haraka, kwa sababu Zaina aliyeishi kweli hana mwingine duniani ila mimi, na mimi bila karatasi simkumbuki.